Kadi ya Chanjo ya Bosi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Laurentia alifagia uwanja, akajaza ndoo mbili za maji, kisha akampa Bosi makombo ya ugali. Bosi alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, aliyeletwa kutoka Kibaha akiwa mdogo ndani ya boksi la sabuni. Deus, mdogo wake Laurentia mwenye miaka minne, alishinda amelalia tumbo la mbwa yule.

Jumamosi moja, klabu ya mazingira ya shule yao, pale Kisarawe, iliandaa matembezi mafupi msituni. Mwenye mbwa aliruhusiwa kwenda naye, mradi amfunge kamba na aonyeshe kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Hapo ndipo penye kazi! Siku ya chanjo, wiki chache kabla ya hapo, mama alimtuma Laurentia ampeleke Bosi kwenye ofisi ya kata. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, na wenzake walikuwa wanacheza rede jirani. Basi naye akacheza, mpaka wachanjaji wakafunga vifaa vyao wakaondoka. Nyumbani akasema bila aibu, "Tayari, mama," na mama hakuulizia kadi.

Sasa kadi ataitoa wapi? Rafiki yake Kudra alikuwa na kadi ya mbwa wao, aliyegongwa na bodaboda akafa. Laurentia aliiomba, akakwangua jina kwa wembe, akaandika "Bosi". Loo, ujanja gani huo!

Mwalimu Consolata, mlezi wa klabu, aliitazama kadi, akaitia mfukoni, wakaondoka. Walipita chini ya miti mirefu, wakasimama kwenye kuta kuukuu zilizoota mizizi.

"Hapa palikuwa na nyumba ya Mjerumani mmoja," mwalimu alisema. "Mawe haya yalibebwa na babu zenu, tena kwa viboko."

Watoto waliyagusa mawe yale kwa vidole. Kisha wakateremka hadi ukingoni mwa msitu, kwa Mama Mwamvita, muuza mihogo ya kukaanga na juisi ya ukwaju.

Walikuwa bado wanakunywa, mara mbwa mgeni akachomoka kichakani, anayumba, mate yanamtiririka. Alimrukia Bosi, akamng'ata shingoni. Mama Mwamvita alimtimua kwa ukuni. Mbwa yule alikimbia hatua chache, akaanguka, akafa.

Mwalimu alimpigia simu bwana mifugo, Mfaume, naye akafika kwa pikipiki. Alimkagua yule mbwa kwa glavu, akatikisa kichwa.

"Kwa mlivyonieleza, huyu alikuwa na dalili zote za kichaa. Na huyu wenu amechanjwa?"

"Amechanjwa, kadi yake hii," mwalimu alijibu.

"Ana bahati. Nitamchanja tena, mtamwangalia nyumbani. Asingechanjwa, ningemdunga sindano afe."

Kudra aliinamisha uso. Laurentia alimtazama Bosi. Akinyamaza tu, Bosi anarudi nyumbani. Anarudi kwa nani? Kwa Deus! Deus anayemkumbatia siku nzima!

"Bwana mifugo," alisema, "hajachanjwa. Kadi si yake. Nimedanganya."

Mwalimu Consolata aliitoa kadi, akaona palipokwanguliwa.

"Siwezi kumfungia peke yake?" Laurentia aliomba. "Tafadhali!"

"Kwa miezi sita, mpaka tujue kama ameambukizwa, na nyumbani kuna mtoto mdogo? Hapana, binti. Umefanya vyema kusema, lakini hilo siwezi."

Bosi alimtikisia Mfaume mkia hata alipoiona sindano. Laurentia alilia kwa kwikwi, hakuona haya mbele ya wenzake. Baadaye Mfaume aliwaamuru wote waliomgusa Bosi wanawe kwa sabuni na maji mengi, akachukua majina yao wapelekwe zahanati.

Nyumbani, Laurentia alimsimulia mama yote, tangu rede mpaka wembe. Alisubiri kuchapwa. Alitamani hata achapwe.

Mama aliketi kwenye kigoda, macho yamemlowa.

"Siku ile ungeniambia ukweli, ningekufokea," alisema. "Kesho yake tungemtafuta bwana mifugo, Bosi akachanjwa. Uliogopa kufokewa, mwanangu, uongo ukamuua mbwa na nusura umuue mdogo wako. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo."

"Ndiyo, mama."

"Sasa nenda. Deus anamwita Bosi huko nyuma tangu mchana. Mweleze wewe mwenyewe, wala usimfiche kitu."