Mkufu Uliokuja na Noti za Mfalme

Nyumba ya Nelius pale Manyatta ilinukia moshi wa kuni na maziwa, basi. Lakini Jumatatu moja ya Julai, ukungu umeshuka mpaka kwenye mibuni, aliingia jikoni akakuta marashi ya waridi. Akacheka. "Mwalimu kaninunulia manukato? Makubwa haya!"

Mwalimu ni Runji, mumewe, aliyestaafu ualimu akaoa noti kuukuu. Mnada ukitangazwa Embu au Meru, hakosi. Mkewe alivaa viatu vilivyoshonwa mara tatu, ilhali Mfalme Joji wa kwenye noti alilazwa ndani ya nailoni safi. Ijumaa alikuwa amerudi na pochi ya ngozi yenye noti kumi za enzi ya mkoloni, pamoja na mkufu wa fedha, kwa sababu dalali alikataa kuvitenganisha. Mkufu hakuutaka hata kuutazama. Aliifungia pochi yote sandukuni.

Jumanne Nelius aliamka na alama nyekundu kuzunguka shingo. Jumatano alama ikazama zaidi, uji ukawa haupiti. Alhamisi mchana, akiwa peke yake anachambua maharagwe, alisikia mle sandukuni karatasi zikifunuliwa moja moja, kisha mkufu ukiburutwa juu ya mbao, kisha pumzi, pumzi ya mtu aliye karibu kabisa na sikio lake, na marashi yakajaa mpaka machozi yakamtoka, na sauti ya mwanamke asiyemjua ikamwita jina lake lote, Nelius Ruguru, ikasema: "Wewe ndiye wangu."

Alikimbilia kwa Teresia, mama wa maombi. Teresia aliomba mpaka kitambaa chake cha kichwa kikaloa jasho. Mwishowe akamnong'oneza Nelius, "Mama Mukami, hii kitu nikikemea inanijibu. Inasema ilinunuliwa mnadani kwa jina lako. Itatoka tu ikinunuliwa tena, kwa jina la mtu mwingine."

"Jina langu? Mimi sijawahi kukanyaga mnada!"

Alirudi nyumbani akapekua faili la mumewe. Risiti ilikuwa juu kabisa. Mnunuzi: Nelius Ruguru. Mwandiko ulikuwa wa Runji, uleule wa barua za uchumba wao.

"Baba Mukami, hii ni nini?" Sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba.

Runji alivua miwani. Hakukana. Dalali alikuwa amemnong'oneza kwamba watu watatu walioandikishwa mkufu ule wote walizikwa. "Lakini zile noti hazipatikani tena, Nelius! Nikasema wewe unaomba sana, haitakuweza."

Miaka thelathini na moja ya ndoa, jamani! Uchungu ulimpanda Nelius ukaishinda hofu. Alitaka kupiga yowe, koo likakataa.

Jumapili baada ya ibada, sadaka za shambani zilinadiwa nje ya kanisa kama kawaida, ndizi, jogoo, malenge. Mnadi alikuwa mzee wa kanisa, Mutugi. Pale kwao, ukitaka kumheshimu mtu unanunua kitu kwa jina lake, na Mutugi analiandika daftarini. Mara akainua ile pochi ya ngozi ya sandukuni. "Hii imetolewa na Mama Mukami!" Runji, aliyekuwa mstari wa mbele, akakaa chini ghafla.

"Mia mbili!" Huyo alikuwa Cicily, bibi arusi wa juzi tu, macho yote kwenye mkufu.

Nelius aliinua mkono haraka. Si huyu mtoto wa watu! "Elfu moja," akakwaruza. Hela zake zote za maziwa.

"Kwa jina la nani, mama?"

Runji alikuwa ameshafika, amemshika mkono. "Nelius, tafadhali," akanong'ona. "Mimi ni mume wako."

"Na ile Ijumaa mimi nilikuwa nani?" Kisha akamgeukia Mutugi. "Andika Runji. Namzawadia mume wangu."

Vigelegele! Akina mama wakamsukuma Runji mbele wakiimba, na zawadi ya kanisani haikataliwi. Alipoipokea kwa mikono miwili, Nelius alimeza mate, yakapita. Akamwona mumewe akigeuza shingo huku na huku, akimtafuta aliyemwita, na hakuna aliyekuwa amemwita.

Nelius hakumngoja. Alishika njia ya nyumbani akimlilia mumewe kama marehemu, kwa sauti kubwa, nzima, mpaka watu waliobaki kanisani wakaacha kuimba.