Kofia Iliyovaliwa Mapema

Mjinga wa siku ile alikuwa Tapani Hurme, na mpaka leo hakatai.

Kwa saa mbili nzima, mkesha wa Vappu, sikukuu ya Mei Mosi ya Wafini, alimwandama mtu mwenye ovaroli ya zambarau na maputo matano, kutoka stesheni ya Helsinki hadi uwanja wa soko. Alipomkaba ukosi nyuma ya banda la donati, akakuta ni mwanafunzi wa uhandisi, kalewa chakari, anamuuliza kama anataka puto.

"Umekamata nini, Tapani?" Sauti ya mkuu wake, Sirkka, ikakwaruza sikioni.

"Puto, bosi."

"Hongera. Kastner kabadili nguo, na meli ya Tallinn inaondoka saa moja."

Kastner, jasusi wa kigeni, alibeba kadi ya memori ndogo kuliko ukucha. Ndani yake, majina kumi na tisa ya majasusi wa Finland walioko ng'ambo. Ikivuka maji, wote maiti.

Wa ishirini alishakufa. Aila Tuomela, mwenzake Hurme kwa miaka tisa. Kastner alimsukuma baharini Februari, katikati ya barafu.

Kwenye Glock ya Hurme, risasi ya kwanza ilikuwa na mwenyewe.

Umati ulikuwa umeizunguka sanamu ya Havis Amanda. Wanafunzi walining'inia kwenye winchi, wakimsugua yule mwanamke wa shaba kwa brashi. Kofia nyeupe zilikuwa mikononi, makwapani, mifukoni.

Saa kumi na mbili kasoro dakika nane.

Hurme akapanda juu ya kreti ya bia. Vichwa vitupu. Vichwa vitupu.

Kofia moja.

Kichwani.

Hakuna Mfini anayevaa kofia yake ya kuhitimu siku hiyo kabla sanamu haijavishwa ya kwake, saa kumi na mbili kamili. Hata bibi aliyesahau majina ya wajukuu analijua hilo.

"Nimemwona."

"Una uhakika safari hii?"

"Huyu hana maputo."

Mtutu ukaingia mbavuni mwa Kastner polepole, kama mtu anayeomba njia. Kadi ilikuwa imeshonewa ndani ya kofia ileile.

Kidole cha Hurme kikakaza.

Aila. Barafu.

Ndipo akaona usoni mwa Kastner kitu kitamu kuliko hofu. Jamaa alikuwa haelewi kabisa amejulikanaje.

Hurme akaivua ile kofia, akamkokota mbio mpaka kwenye gari la idara na kubamiza mlango. Hakutaka Kastner aone kitakachotokea saa kumi na mbili.

Nje, shangwe zikalipuka. Nyuma, walikokaa, hakukuwa na dirisha.

Kastner alizungumza Kifini safi kuliko mtangazaji wa redio. Alisema wamemfundisha miaka kumi na miwili: lugha, sauna, mpaka namna ya kunyamaza kwenye lifti.

"Nimekosea wapi?"

Hurme alikuwa anahesabu risasi zake. Zote zilikuwepo.

"Tubadilishane basi," Kastner akasema. "Wewe niambie kosa langu, mimi nikwambie Aila alisema nini mwishoni. Miaka yote nitakayokuwa gerezani, wewe utakuwa unajiuliza, ndugu yangu."

Dereva akageuka kumtazama Hurme. Hurme akashuka, akafunga zipu ya jaketi mpaka kidevuni, akashika mlango.

"Aila hakukwambia kitu," akasema. "Na mimi sikwambii."