Tangazo Lililotangulia Mbege

Jumamosi hiyo ya mwaka 2008, soko la Mbuyuni halikuwa na pa kukanyaga. Theodora, ndani ya gauni la kitenge cha njano lililomkaa sawasawa, aliinama kwenye lundo la kompyuta za mitumba akavuta kibodi. Haikuja. Upande wa pili wa lundo, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi alikuwa ameshikilia waya wake.

"Dada, hiyo nimeiona kwanza."

"Wewe umeona waya, kaka. Kibodi ninayo mimi."

"Basi chukua, ila unipe namba ya simu."

Theodora alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Namba aliitoa.

Wiki iliyofuata alimkuta kijana yuleyule ameajiriwa kazini kwake, meza inayotazamana na yake, ghorofani kwenye kampuni ya Alnoor, walikoandika programu. Aliitwa Aristides, mtu wa Kibosho. Mwaka haukuisha kabla hawajaanza kuitana mpenzi mbele za watu bila haya.

Kazi yao ilikuwa draiva, programu ndogo ya kupitisha data. Ndani ya kompyuta moja kubwa zilikaa kompyuta pepe kadhaa, zisizo na umbo ila programu tu, na kila moja ilipeleka data zake, tuziite barua, kupitia foleni ya duara: visanduku vilivyopangwa mviringo, kikifika cha mwisho unarudi cha kwanza. Mpelekaji anaweka barua kisandukuni, kisha anapandisha namba kwenye ubao wanaoutazama wote wawili. Mpokeaji akiona namba imepanda, anachukua. Lakini mara moja moja mpokeaji alitoka na barua ya zamani, na hakuna aliyejua kwa nini.

Mambo yao wenyewe yaliharibikia Mkuu, Rombo, kwao Theodora, Jumapili, kanisani. Theodora alikuwa amemwambia Aristides wazi: baba apokee kwanza mbege ya posa, ile pombe ya ndizi na ulezi, ndipo tangazo la ndoa lisomwe. "Nimeshapanga, mpenzi, tulia," alijibiwa. Sasa padre alisoma majina yao mbele ya parokia nzima, na hakuna mtu wa Kibosho aliyekuwa amepiga hodi kwao. Mzee Julius, baba yake, alisimama akatoka na kofia mkononi.

"Nimesikia habari za binti yangu kama habari za mbuzi aliyepotea," alisema nyumbani. "Huyo kijana asikanyage hapa."

Jioni simu iliita.

"Theo, mpenzi, mbege nilituma Alhamisi na baba mdogo! Fomu ya tangazo nikampelekea padre Ijumaa."

"Muongo! Umemdhalilisha baba yangu, halafu unanidanganya na mimi?"

Alikata simu. Aliumia, aliona haya, na kibaya zaidi bado alimpenda. Jumatatu meza ya Aristides ilikuwa tupu; ameomba ruhusa, amekwenda kwao.

Siku tatu Theodora aliikodolea macho ile draiva kwa hasira. Ilikuwa imeandikwa vizuri: barua kwanza, namba baadaye. Ndipo alipokumbuka kwamba prosesa, kwa haraka zake, haiahidi kufikisha mambo kwa mpangilio ulioandikwa. Namba inaweza kuonekana ubaoni wakati barua bado iko njiani. Palihitajika kizuizi, mstari mmoja tu: namba isipande mpaka barua iwe imeingia. Aliuandika. Draiva ikafanya kazi siku nzima bila kosa.

Alhamisi mbege, Ijumaa fomu. Huenda mbege nayo ilikuwa bado njiani. Alimpigia baba mdogo wa Aristides.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu, nisamehe. Pikapu iliniharibikia Mwika, mvua, mbege ikachacha. Nikarudi kupika nyingine. Niliona aibu kumwambia kijana."

Theodora alilia, kisha akampigia Aristides.

"Ari, hukudanganya. Lakini hukungoja."

"Sikungoja," alikubali Aristides kwa sauti ndogo. "Nilidhani kutuma ndiko kufika. Padre nimemwomba asisome tangazo la pili. Kesho nakuja mwenyewe."

Alifika Mkuu asubuhi, Theodora akiwa amemtangulia; suti ya kijivu na viatu vyenye tope, kibuyu cha mbege kwapani, jani la sale mkononi, lile la kuombea msamaha. Mzee Julius alilipokea jani, maana jani hilo halikataliwi. Kibuyu alikiacha chini, akaingia ndani.

Aristides aliketi kwenye benchi uani. Saa sita ikapita. Saa tisa ikapita. Theodora alimletea maji, naye hakuyagusa.

"Asipotoka?"

"Nitakuwa hapahapa."

Alasiri mzee alitoka na kata ya kunywea. Aliijaza mbege, akaitazama kwa muda mrefu, akaipeleka kinywani.

Aristides aliruka kutoka benchini, mkono tayari mfukoni kutafuta simu ampigie padre asome tangazo la pili. Theodora aliukamata mkono ule akaubana kwa nguvu zake zote.

"Ngoja kwanza," alimnong'oneza. "Baba hajameza."