Aliyeshuka Kabla ya Basi

"Katika hiki chumba usiongee peke yako," Mama Kalla alisema huku akimpa Tamar ufunguo. "Na simu, ongea. Na mtu, ongea. Peke yako, hapana."

Tamar alidhani ni Kiswahili cha mama wa Kiorma kilichoteleza kidogo, kwamba pengine alitaka kumwambia asipige kelele wageni wengine wakilala. Akaitikia, akaingia na begi lake. Kilikuwa chumba cha mwisho nyuma ya gesti, kimepakana na boma la mbuzi, na ndicho kilichokuwa rahisi kuliko vyote pale Garsen. Ndani mlikuwa na kitanda, neti na kiti cha plastiki. Sakafu ya saruji ilikuwa kavu kabisa, lakini mlinuka udongo mbichi, ule mweusi wa kando ya mto, unaotoka watu wakichimba kwenda chini.

Mpango wa kulala hapo waliupanga kwa simu kwa wiki nyingi, yeye akiwa Ngao na mumewe Levi akiwa Doha. "Nairobi silali," Levi alikuwa amesema. "Ndege ikitua tu, nakwenda kwa basi la usiku. Basi lenyewe ndio hoteli yangu." Basi lingepitia Mombasa na Malindi, limshushe Garsen alfajiri. Hapo ndipo penye shida. Gari za Ngao haziondoki mpaka jua litoke, na bodaboda wa saa hizo hulipisha kama wamebeba bibi harusi. Ndipo Tamar akasema atatangulia Garsen jioni yake, achukue chumba cha bei ya chini, Levi akifika aoge, anyooshe mgongo, wanywe chai, wapande gari la kwanza. Levi alifurahi. Alisema amepata mke mwenye akili ya matumizi.

"Uje na Joy," akaongeza. "Nataka nimwone yeye wa kwanza."

Tamar hakuwa akiwaza matumizi. Alitaka chumba chenye mlango wa kufunga ili amwambie Levi, kabla kijiji hakijamwambia kwa vilio, kwamba Joy alikuwa amekufa.

Mtoto alikufa kwa homa kabla ya mvua za masika. Gershom, kaka yake Levi, ndiye aliyeamua habari ifichwe. "Levi anafanya kazi juu ya majengo," alisema siku ya mazishi. "Mtu wa kazi hiyo ukimpelekea neno kama hili, ataanguka. Na pasipoti yake iko kwa mwajiri, hata kuja hawezi." Wazee wakakubali. Basi kila Levi alipopiga simu, Tamar alimwambia Joy amelala, au yuko Kulesa kwa bibi yake, au amechukizwa na simu leo. Alimtumia video za zamani. Levi akazitazama, akasema mtoto mbona haongezeki, na Tamar akacheka kwenye simu, kisha akaenda nyuma ya nyumba akajiziba mdomo kwa kanga.

Jua likielekea kutua, Levi alipiga kutoka stendi ya Nairobi. Akatuma na picha yake, amevaa jaketi la bluu, anacheka, nyuma yake watu wanapakia mizigo. "Alfajiri, Mama Joy," alisema. "Nielekeze hiyo gesti." Akamwelekeza: nyuma ya maduka, chumba cha mwisho, karibu na mbuzi.

Simu ilipokatika, Tamar akabaki anakitazama kile kiti mpaka giza likaingia. Levi angekaa hapo. Maneno yangetoka vipi? Akaona afadhali ajaribu kwanza, aone kama ulimi utamtii. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akakiangalia kiti, akaanza kwa sauti ya chini.

"Baba Joy, kaa kwanza. Mtoto alishikwa na homa asubuhi. Nilidhani ni homa ya kawaida. Nikampa dawa ya dukani, nikamwacha kwa jirani, nikaenda shambani kufukuza ndege kwenye mpunga. Niliporudi alikuwa hanijui tena. Kama ningekaa nyumbani, Baba Joy. Kama ningekaa tu nyumbani."

Habari ya wale ndege hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mamake. Kiti kililia kidogo, kama plastiki inavyolia mtu akiegemea. Tamar akadhani ni joto. Akalala na nguo zake, na usingizi ukamchukua mara moja, mzito usio wa kawaida.

Aliamshwa na mlango ukibishwa taratibu.

"Tamar. Nimefika."

Nje palikuwa bado kiza, muadhini hajaanza. Alifungua, na mlangoni alikuwa amesimama Levi na jaketi lake la bluu, mwembamba kuliko alivyoondoka. Tamar alimwangukia kifuani bila neno. Alilia kilio cha miaka yote ile. Levi alimpapasa mgongo, akaingia, akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti cha plastiki, kama mtu aliyekizoea.

Tamar akawasha taa. Ndipo alipoona kwamba jaketi halikuwa na vumbi, na kwamba mtu huyu aliyetoka safari ya usiku kucha hakuwa na begi wala hakuonyesha uchovu. Na tangu Joy azaliwe Levi hakuwa amewahi kumwita kwa jina la Tamar. Alimwita Mama Joy, hata wakigombana. Lakini lililomgusa zaidi ni jingine: hakutazama kitandani, wala nyuma ya mlango, wala popote ambapo mtoto mdogo angekuwa amelala.

"Baba Joy," alianza, "kuna jambo…"

"Najua. Usiseme."

"Nani amekwambia? Gershom?"

"Usijisumbue na nani. Ulidhani ni homa ya kawaida, Tamar. Ulimpa dawa ya dukani, ukaenda kufukuza ndege kwenye mpunga. Mama yeyote angekwenda. Huna kosa."

Hayo ndiyo maneno ambayo Tamar alikuwa akiyaombea kila usiku tangu mazishi, na yalipomfikia yalimvunja kabisa, akapiga magoti pale sakafuni, akalaza kichwa mapajani pake na kulia kama mtoto. Mkono ukamshika nywele. Ilichukua muda kabla hajahisi kwamba mapaja yale yalikuwa baridi kama mtungi wa maji, na kwamba ile harufu ya udongo uliochimbuliwa ilikuwa inatoka kwenye jaketi.

Simu ikalia kitandani.

Alinyoosha mkono bila kuinua kichwa. Kwenye kioo jina lilikuwa Levi, akapokea.

"Mama Joy, samahani," ilisema sauti, kukiwa na ngurumo ya injini na watu wakizungumza nyuma yake. "Tairi lilipasuka huku Gongoni, tumekaa sana. Sasa ndio tunasogea. Joy ameamka?"

Mkono ulikuwa bado nyweleni mwa Tamar ukimpapasa polepole, na alijua kwamba akiinua uso ataona ni nani anayempapasa, na asipoinua ataendelea kupapaswa, na katika sikio moja mumewe alikuwa akisema haloo, haloo, mtandao huu, na katika sikio lingine pumzi ya mtu ilikuwa inakwenda na kurudi bila joto lolote. Simu ikakatika.

"Yule utamwambia," ilisema sauti ya Levi juu ya kichwa chake, kwa upole uleule. "Naye atakuuliza ulikuwa wapi. Atakuuliza leo, atakuuliza ukiwa umezeeka. Mimi sikuulizi. Tupande gari la kwanza, mimi na wewe. Yeye akifika asikute mtu."

Na kuna jambo ambalo Tamar baadaye alimwambia mamake peke yake: kwamba kwa kitambo alitaka kwenda. Alijua si Levi. Alijua si mtu. Lakini kitu kile kilikuwa kimeshaambiwa, na hakikumlaumu, na yeye alikuwa amechoka kubeba.

Mlango ukagongwa kwa kiganja.

"Binti," aliita Mama Kalla kutoka nje, kwa sauti ya chini sana. "Nasikia watu wawili. Mmoja ni nani?"

Mkono ukaacha kupapasa.

"Mama Kalla," Tamar alinong'ona.

"Uliongea peke yako?"

"Ndiyo."

"Ulisema yote?"

"Yote."

Kisha kukasikika chetezo kikiwekwa chini, na moshi wa ubani ukaanza kupenya chini ya mlango. "Hilo ni jini la hapa, nyumba imelikuta hapahapa," alisema Mama Kalla. "Linakula neno ambalo mtu ameshindwa kumwambia mwenzake. Mimi nitasoma. Lakini mlango ulilifungulia wewe kwa mkono wako. Wewe ndio utalitoa, kwa mkono wako na mdomo wako. Usiliangalie."

Akaanza kusoma, maneno ya Kiarabu yakifuatana bila kupumua, na ndani ya chumba taa ikafifia, neti ikavimba ingawa hapakuwa na upepo, na kiti cha plastiki kikaanza kulia na kulia kama kinachobebeshwa mzigo usiolingana nacho. Tamar alitambaa kuelekea mlangoni macho ameyafumba, huku akimwomba Yesu kwa Kipokomo. Alipopapasa na kukamata komeo, nyuma yake kiti kikanyamaza.

"Mama."

Haikuwa tena sauti ya mwanamume.

"Mama, usinitoe nje. Nje baridi. Nimelala nje siku nyingi."

Tamar aliteleza ukutani akakaa chini. Ilikuwa sauti ya Joy, na hata ile namna yake ya kuvuta maneno akiwa na usingizi, na ilikuwa karibu, hatua mbili tu kutoka pale, na mama gani duniani angegeukia mlango badala ya kugeuka nyuma? Akaanza kugeuka.

"Binti." Mama Kalla alikuwa ameacha kusoma. Ilisikika kana kwamba ameweka mdomo kwenye mbao. "Mimi pia nimezika. Watatu. Mtoto wako ulimwosha wewe?"

"Nilimwosha."

"Ulimfunika wewe?"

"Nilimfunika."

"Basi unajua yuko wapi. Huyo hapo siye. Fungua, mwanangu."

Tamar akasimama. Alivuta komeo, akafungua mlango wote, moshi ukamjaa usoni. Na alipolitoa neno hakulitoa kwa ukali, kwa maana hakuweza. Alilisema kama mtu anavyombembeleza mtoto alale.

"Toka, mama. Nenda."

Kitu baridi kikampita pajani, kifupi, cha kimo cha mtoto wa miaka minne, na vidole vidogo vikashika ukingo wa kanga yake, vikavutavuta, vikaachia. Bomani mbuzi wote wakainuka kwa pamoja, wakasongamana upande mmoja. Muadhini akaanza. Mama Kalla akamshika Tamar kiunoni kabla hajaanguka, wakakaa kizingitini, kila mmoja akimlilia wake.

Basi liliingia Garsen jua limeshatoka. Tamar alikuwa amesimama barabarani, hakutaka tena kile chumba wala mlango wake. Levi alishuka na jaketi lililojaa vumbi, macho mekundu, mabegi mawili makubwa. Alipomwona alicheka, akafungua mikono, halafu macho yake yakashuka chini, yakatafuta kushoto na kulia kwa kimo cha kiuno.

"Joy yuko wapi?"

Tamar akamwambia. Alimwambia palepale, wachuuzi wakipita na mahamri, makanga wa magari wakiitana. Homa, dawa ya dukani, ndege kwenye mpunga, Gershom, video za zamani. Hakuruka neno. Levi alikaa juu ya begi lake taratibu, kama mzee. Basi likaondoka na kuwaachia vumbi, naye bado anatazama pale lilipokuwa.

"Ulikuwa wapi alipozidiwa?" aliuliza mwishowe.

"Shambani."

Levi akatikisa kichwa, si kwa hasira. Akatikisa tena na tena.

"Hapana, Mama Joy. Hapana. Jana usiku nimeongea naye."

Tamar akamtazama.

"Basi lilisimama Mtito. Nikapiga, nikijua pengine umelala. Joy akashika. Akaniambia, Baba, mama amelala, mimi niko macho. Akaniambia nimletee biskuti. Tumeongea mpaka dereva akapiga honi." Sauti ikamkatika. "Nimeongea naye, Mama Joy. Sauti ya mtoto wangu siijui?"

Tamar alichuchumaa mbele yake, akamshika mikono yote miwili. Akamweleza kwa maneno machache juu ya chumba, jaketi la bluu, Mama Kalla na ubani. Levi alisikiliza mdomo wazi. Tamar alipomaliza, alitegemea mumewe aogope, avute begi, aseme waondoke upesi.

Levi alikuwa anatazama juu ya bega la mkewe, kule nyuma ya maduka, ambako mbuzi walikuwa bado wanalia.

"Chumba kipi?" aliuliza.

Tamar alibeba begi moja, akamkamata mkono kwa nguvu, akamwongoza kwenye gari za Ngao, akimvuta kama mtu anayevuta ng'ombe aliyeachwa nyuma na kundi lake. Na njia nzima Levi hakuacha kusimama, kugeuza shingo na kusikiliza. Mara ya mwisho, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya gari, aliitikia kwa sauti ndogo, kama baba aliyeitwa na mtoto wake.

"Naam, mwanangu."