Mshono wa Alute

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya miamba ya Sepuka Felista alipojitwika kichwa cha cherehani na kushika njia ya duka la ushirika. Fundi Rajabali alikuwa amekuja na lori kutoka Singida mjini, na alfajiri lori lingerudi naye. Mwenyekiti wa kijiji alishasema lake: mashine ikitengenezeka, itengenezwe. Isipotengenezeka, Felista atapewa mpya, na hiyo kuukuu fundi aivunje vipuri.

Felista hakutaka mpya. Tangu watu wahamishiwe hapa, majirani wote walikuwa wageni kwake. Binti yake Yunisi alikuwa ameolewa mbali, Nduguti. Jioni hakukuwa na kinachomjibu nyumbani ila mlio wa cherehani aliyoiacha mumewe, Alute, ambaye kufariki kwake kulikuwa kunaingia mwaka wa tatu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Naona umembeba mzee mwenzangu. Yeye bado ana meno?"

Felista alicheka kidogo. Rajabali akasogeza koroboi, akafungua skrubu moja moja, akazungusha gurudumu.

Gurudumu lilizunguka. Sindano haikutikisika.

Akaipindua. Chuma cha tumboni kilikuwa kimekatika vipande viwili, na kutu ilikuwa imeila miisho yote miwili. Kile kidude cha chini kinachokamata uzi hakikuwepo kabisa. Mahali pake buibui alikuwa ametandaza utando, akahama.

"Imekufa lini hii?"

"Haijafa. Nimeshona mchana huu."

"Mama..." Rajabali alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hii haijashona miaka."

Felista akatoa ndani ya kanga shati la mwanafunzi, sare aliyoimaliza siku ile. Fundi akalipeleka kwenye mwanga, akaupapasa mshono kwa kidole gumba. Ulikuwa mdogo, umebana, na kila mwisho ulirudi nyuma mara tatu, kwa mshazari.

Kidole kikasimama.

Zamani Alute alishonea kwenye baraza ya duka la Gokaldas, mjini, na Rajabali ndiye aliyemtengenezea mashine. Hakumjua fundi mwingine aliyemaliza mshono namna ile. Akauliza kama Felista naye ndivyo anavyomaliza. Felista akatikisa kichwa kukataa. Kila mshono ulipotoka hivyo, alidhani mikono yake imezoea tu mtindo wa mumewe.

Harufu ya ugoro ikapita katikati yao.

Rajabali hakuwa mtu wa ugoro. Wala Felista.

"Kwenye matanga yake," fundi akanong'ona, "mashine mliilaza?"

Katika ukoo wa Alute, mtu akifa chombo chake cha kazi hulazwa. Jembe hung'olewa mpini. Mzee wa ukoo huinama akakiambia chombo kwamba mwenyewe amepumzika, ndipo mwingine anaweza kukishika. Lakini malori ya kuhamisha watu yalifika siku ya pili ya matanga. Felista akaipakia cherehani juu ya magunia ya mtama, na siku ya tatu alikuwa anashona, maana watu walifika hapa wamevaa matambara. Kaburi likabaki kule kwenye mahame, peke yake. Hakuna aliyeiambia mashine.

Hakuna aliyemwambia Alute.

"Nikitia chuma kipya, itashona kwa chuma chake, bila Alute," Rajabali alisema. "Nikiivunja, kazi imekwisha. Vyovyote vile, atapumzika."

"Na nikiirudisha hivi hivi?"

"Ataendelea kufanya kazi, mama. Miaka yote hii... hajaketi hata siku moja."

Felista aliiwaza ile nyumba. Aliuwaza ukimya wake baada ya kula, kunako saa mbili. Akaanza kuiviringisha kata yake ya kujitwikia.

"Funga," alisema.

Fundi alikaza skrubu bila kumtazama. Hakumuaga.

Nyumbani aliirudisha mashine juu ya meza yake ya pedeli, akawasha koroboi. Hakukaa. Alisimama mbali, mgongo ukutani.

"Baba Yunisi. Najua umechoka. Nivumilie kidogo tu."

Pedeli ikashuka.

Ikapanda.

Tak... tak... tak-tak-tak-tak.

Amerikani nyeupe, aliyoiweka kwa ajili ya mifuko ya sare, ikaanza kujivuta kutoka kwenye jora na kupita chini ya sindano. Felista alingoja ipinde kufuata bega, au mkono. Haikupinda. Ilikwenda moja kwa moja, ndefu, ikageuka, ikarudi ubavuni mwake yenyewe. Aliipima kwa macho, kama ambavyo mshonaji yeyote angeipima.

Urefu ulikuwa wa Felista mwenyewe. Kutoka utosini mpaka nyayoni, na ziada ya kufungia, kama ya sanda.

Mlango ulikuwa wazi. Angeweza kutoka.

Felista akavuta kigoda, akaketi upande wa pili wa mashine, akaushika mwisho wa kitambaa usiburuzike vumbini.