Hapana ya Hassatou

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hassatou Baldé alimsaidia baba yake dukani. Baba alikata mikate kwa kisu kirefu na kuipaka siagi, naye Hassatou aliifunga kwa karatasi na kuwapa wateja kupitia dirisha la nondo. Duka lilikuwa Pikine, kando ya jiji la Dakar, lakini wao walikuwa wageni kutoka Guinea, milima ya Futa Jalon. Mama na wadogo zake walikuwa bado huko, pamoja na bibi.

"Diallo, nipe mkate na maziwa ya unga," wateja walisema.

Pale Pikine, kila mwenye duka aliyetoka Guinea aliitwa Diallo. Baba alikuwa Baldé, lakini hakuwahi kumsahihisha mtu. Alitabasamu tu na kupima sukari.

Rafiki wa Hassatou, Dibor Faye, ndiye aliyempitia kila siku kwenda shule. Dibor alikuwa Mserere, na Waserere na Wafulani, kabila la Hassatou, ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo salamu yao haikuwa ya kawaida.

"Mfulani wangu, umeamka? Au bado unakamua ng'ombe?"

"Nimeamka zamani, Mserere. Ng'ombe wameniambia jana ulimaliza sufuria ya wali peke yako."

"Ng'ombe wako waongo kama mwenyewe."

Baba alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Dibor alikuwa ameshinda pale dukani miaka mingi hata akakijua Kifulani. Jioni walikaa juu ya magunia ya mchele, na Hassatou alimsimulia hadithi za bibi yake. Dibor alipenda zaidi ile ya ng'ombe aliyekataa kuvuka mto. Mchungaji alimwita, "Wewe mweupe, vuka," akakataa. Alimwita, "Wewe mwenye pembe, vuka," akakataa. Mwisho alimwita kwa jina lake alilopewa siku ya kuzaliwa, naye akaingia majini bila woga.

Siku moja Mwalimu Sagna aliingia darasani na mwanamke mmoja aliyevaa miwani. Alikuwa Bi Rokhaya wa redio ya mtaa.

"Natafuta mtoto anayejua Kifulani vizuri," alisema. "Akina mama wengi wa hapa hawasikii lugha nyingine. Kila Jumamosi mtoto huyo atawasimulia hadithi."

Darasa zima liligeuka kumtazama Hassatou. Hata wale waliozoea kumcheka akisema Kiwolofu, lugha ya mji ule, walimtazama. Tangu alipofika nchi hii, kila swala alimwomba Mungu amwonyeshe jambo moja tu ambalo angeliweza kuliko wengine.

"Kumbe ni wewe," Bi Rokhaya alisema. "Utakuja, mwanangu?"

Hassatou aliinamisha macho. Kwao Futa, mtoto mwenye adabu hapokei kitu mara ya kwanza. Ukikaribishwa chakula, unasema umeshiba. Mwenyeji anakubembeleza, unasema tena umeshiba. Akisema mara ya tatu, ndipo unanawa mikono. Anayepokea mara moja huonekana mlafi, na watu hutazamana.

"Hapana, mama," alijibu kwa sauti ndogo. "Labda mwingine."

Kisha alisubiri. Ndiyo yake ilikuwa tayari mdomoni.

"Basi sawa, sikulazimishi," Bi Rokhaya alisema kwa upole. "Kuna mwingine?"

Halafu Dibor aliinua mkono. "Mimi sio Mfulani, lakini nakijua."

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Dibor aliongea njia nzima. Hassatou alitazama viatu vyake.

"Umenuna, Mfulani?"

"Sijanuna."

"Basi sawa," alisema Dibor, akaendelea kuongea.

Jumamosi, baba aliwasha redio iliyokaa kwenye rafu kati ya makopo ya nyanya. Sauti ya Dibor ilitoka, nyembamba lakini bila woga. Hassatou alijilazimisha kufurahi. Kisha akasikia, "Leo nitawasimulia hadithi ya ng'ombe aliyekataa kuvuka mto."

Hassatou aliacha kujaza sukari kwenye mfuko.

"Hadithi hii umeipata wapi?" Bi Rokhaya aliuliza.

Dibor alisita. "Kwa bibi yangu."

Na mwisho wa hadithi aliusahau. Badala ya kuitwa jina, ng'ombe alichapwa fimbo mpaka akavuka. Wazee wawili wa Kifulani waliokuwa wakinunua chai walitazamana. "Ng'ombe wa wapi huyu?" mmoja aliuliza, wakacheka.

Hassatou alikimbilia stoo, akaketi nyuma ya magunia. Kuchukuliwa nafasi kulimuuma, lakini hili lilimuuma zaidi. Ni kama mtu aliyemkaribisha nyumbani alikuwa amemshika bibi yake mkono na kuondoka naye.

Baba alimkuta pale baada ya swala ya alasiri. Aliketi karibu naye.

"Ile ni hadithi ya bibi," Hassatou alisema. "Nilimwamini, Baba. Hana bibi wa Kifulani, yule."

"Amekosea, na kosa lake ni kubwa," baba alisema. "Lakini nieleze. Yule mama wa redio alipokuita, ulimjibu nini?"

"Nilisema hapana. Nilisubiri aniulize tena."

"Hapa hawaulizi tena, mwanangu. Si kwamba wanakudharau. Wanaamini ulichosema. Kila swala nimekusikia ukimwomba Mungu akufungulie mlango, naye akaufungua. Ukasimama nje unasubiri kubembelezwa."

Hassatou alifuta macho kwa upindo wa gauni. "Na Dibor? Aliniuliza kama nimenuna, nikakataa."

"Dibor mwambie mwenyewe kinachokuuma. Usiseme hujanuna kama umenuna. Hiyo nayo ni hapana isiyo ya kweli."

Asubuhi iliyofuata Dibor alikuja bila utani wowote. Alisimama mbali na dirisha.

"Umeniibia bibi yangu," Hassatou alimwambia.

"Nilikuuliza kama umenuna, ukasema hujanuna."

"Nilikuwa nimenuna. Nilitaka kwenda mimi. Lakini hata kama nisingetaka, bibi ni wangu. Mtani anakunyang'anya kofia akacheka mbele yako. Wewe ulininyang'anya nikiwa sipo."

Dibor alianza kulia. "Aliponiuliza nimeipata wapi, niliogopa kuambiwa nimeiba, basi nikasema uongo. Usiku wote sikulala. Leo nimekwenda kwa Bi Rokhaya nikamwambia kweli. Alinikaripia sana. Kisha akasema nikuulize kama utakuja Jumamosi kuimalizia inavyotakiwa."

Hassatou alikuwa bado na uchungu. Hapana ilimjia mdomoni, mara hii kwa hasira, si kwa adabu. Alimwona baba akiwa ameshika kisu cha mkate bila kukata.

"Ndiyo," alisema. "Nitakuja."

Jumamosi, Bi Rokhaya alimsogezea maikrofoni. "Waambie wasikilizaji wewe ni nani."

"Naitwa Hassatou Baldé," alisema kwa Kifulani. "Baba yangu ni Baldé, mwenye duka karibu na msikiti mdogo. Hadithi hii ni ya bibi yangu. Aliyekaa hapa ni mtani wangu Dibor. Yeye atawaeleza kwa Kiwolofu wasiojua Kifulani, na akikosea nitamchapa yeye, siyo ng'ombe."

Hassatou na Dibor walipofika dukani, mteja mmoja alikuwa amesimama dirishani, mikono kiunoni, akimkabili Baba. "Kwa hiyo wewe si Diallo? Miaka yote hii nakuita jina la mtu mwingine, na wewe unatabasamu tu?"

Baba aliona haya. "Nilikuwa nasubiri uniulize," alisema, kisha akamgeukia binti yake. "Unaona, Hassatou? Ugonjwa ule ule ninao mimi. Adabu ni jambo jema, nami sitaki uiache. Lakini adabu isikufanye useme usilolitaka, kwa sababu mtu mwema atakuamini. Ukiwa ugenini, jambo jema likija bila kutarajiwa, lipokee kwa mikono miwili, umshukuru Mungu. Na wewe Dibor, ukipokea kitu, taja aliyekupa."

"Nimesikia, Baba Baldé," Dibor alisema taratibu.

Baba alichukua mkate wa moto. "Haya, mtakula?"

"Ndiyo," Dibor alidakia kabla hajamaliza.

Baba alimtazama Hassatou na kusubiri.

"Ndiyo, Baba," Hassatou alisema, akanyoosha mikono yote miwili.