Keria ya Wilhelmina

Asubuhi za Buzuruga, hapa Mwanza, kabla stendi haijaanza kelele zake, zilikuwa tulivu kiasi kwamba mtu aliweza kusikia kuku wakijikung'uta. Ndugu zangu, wengi wenu mnaikumbuka nyumba ya mlango wa bluu, ile iliyojengwa chini ya jiwe kubwa. Ukipanda juu ya jiwe lile unaliona ziwa, na saa hizo za alfajiri huwa limetulia kama shuka lililoanikwa likasahauliwa.

Katika nyumba ile aliishi Obedi, fundi wa kuchomelea madirisha na milango ya chuma, pamoja na mkewe Wilhelmina na mtoto wao Evelina, wa miaka sita. Wilhelmina alikuwa mchuuzi wa sato. Aliwachukua mwaloni Kirumba, wavuvi wanaposhusha samaki, kulipopambazuka, akapita nyumbani kunywa uji, kisha akaendesha baiskeli hadi Kisesa. Sanduku la samaki alilifunga nyuma ya baiskeli, juu ya keria ya chuma, kwa vipande virefu vya mpira wa tyubu, na Evelina ndiye aliyeshika ncha ya mpira mpaka mama amalize kukaza. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa na aliifanya kwa kubana midomo. Obedi alikaa kizingitini na bakuli lake, akiwatazama. Nawaambieni, hapakuwa na kasoro katika picha ile.

Picha iliyoleta kasoro ilitoka mbali. Ulikuwa mwaka 1993, soko huria limefungua milango, na kila kitu kilikuwa kinaingia: nguo, redio, magari yaliyotumika, hata karatasi. Obedi alinunua vipuri vilivyofungwa kwa ukurasa wa gazeti la Ulaya. Ndani ya ukurasa ule kulikuwa na gari jekundu, fupi, lisilo na paa, na ubavuni mwake kulipita bomba la moshi linalong'aa kama kijiko kipya. Aliunyoosha ukurasa, akaubandika ukutani juu ya kitanda.

Tangu hapo Obedi aliishi kama mtu anayesikiliza muziki wasiousikia wengine. Alichukua bodi la gari kuukuu la enzi za Mwingereza, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa banda la kuku wao, akalikata paa na kulipaka rangi nyekundu. Akapata injini ya pikapu iliyogongwa. Milango ya wateja ikaegemea ukutani nusu nusu, na wenyewe wakachoka kuulizia. Bawaba ya mlango wa jikoni kwake ikakatika. Akasema kesho. Kuku wakahamia chini ya kitanda. Jirani mmoja alimtania kwamba amewafukuza kuku ili aingie yeye, na Obedi akacheka, maana kweli wakati wote alikuwa humo.

Hatimaye likabaki bomba la moshi. Bomba, kama mnavyojua, haliwezi kuelea hewani. Lazima lishikwe chini ya gari kwa vishikio. Kwa gari kama lile vishikio haviuzwi dukani, ni vya kujitengenezea. Obedi alikata vipande vya chuma bapa, akavikunja, akavitoboa, akavipima. Vilifaa kabisa, ila vilikuwa vyeusi. Bomba lake lilipita nje, chini ya mlango, ambapo kila mtu angeona. Alikaa akavitazama muda mrefu. Kisha macho yake yakaangukia baiskeli iliyoegemezwa kwenye jiwe, na keria yake iking'aa juani.

Wilhelmina alikuwa kanisani. Aliporudi akakuta baiskeli imebaki mgongo wazi. Akauliza keria iko wapi, na mumewe akamwambia ameiazima tu, atamtengenezea nyingine iliyo bora. Mama yule hakupiga kelele. Aliinama na gauni lake la kanisani akachungulia chini ya gari. Akaiona keria yake, imekatwa vipande vitano, vimekazwa kwa bolti pale bomba lilipopita. Akalishika bomba akalitikisa. Halikusogea hata kidogo.

"Baba Evelina, umekaza chuma kwa chuma," alisema. "Mimi nikifunga sanduku kwa waya, linapasuka kabla sijafika Igoma. Nikifunga kwa mpira linacheza, lakini linafika. Weka mpira hapo kati."

"Mke wangu, hili ni gari. Siyo sanduku la sato."

"Injini haitikisiki?"

"Inatikisika. Lakini nikiweka vipande vya tairi pale, watu wataona nini? Kandambili?"

Msomaji, hapa naomba tusimame kidogo. Obedi hakuwa mjinga. Alikuwa amewafungia watu wengi mabomba ya malori yao, na kila mara aliweka kipande cha tairi kati ya chuma na chuma, ili injini inapotikisika bomba liweze kuifuata bila kukatika. Alijua. Ila siku ile alipenda mng'aro kuliko alichokijua.

Tangu wiki ile Wilhelmina alienda Kisesa kwa miguu, beseni kichwani. Alifika jua likiwa juu na macho ya sato yamefifia, na wateja wake wamekwisha kununua kwa wengine. Uji wa nyumbani ukawa mwepesi, kisha kuna siku haukuwepo. Evelina alibaki na mpira wa tyubu usio na cha kufunga. Akajizungushia kiunoni kama mkanda, akawa anauvaa kila siku, akisubiri kazi yake irudi.

Jumamosi iliyofuata Pasaka, kijana mmoja aitwaye Josephat alikuwa anafunga ndoa Bujora, na alikuwa amemwomba Obedi gari lile jekundu limbebe bibi harusi. Obedi alitandika kiti kitambaa cheupe. Akampandisha Evelina mbele, amevaa gauni safi na mkanda wake wa mpira. Wilhelmina, beseni mkononi, akauliza kama anaweza kushushwa Kisesa, maana njia ni moja.

"Harufu haitatoka kwenye kitambaa, Mama Evelina," Obedi akamjibu, kwa sauti ya upole kabisa.

Wilhelmina akakunja ngata, akaweka beseni kichwani, akatangulia. Walimpita akikaribia Igoma. Obedi alipiga honi, na Evelina akapunga mkono mpaka mama akawa kidoa.

Walipovuka tu Igoma, mvua ilitoka upande wa ziwa na kuwafuata kama pazia jeupe. Obedi akaogopea kitambaa. Akasogeza gari kando, akalifunika lote kwa turubai, akaingia chini yake na mtoto. Injini hakuizima. Stata ilikuwa mbovu, gari liliwaka kwa kusukumwa tu, na pale barabarani hapakuwa na wa kusukuma.

Chini ya turubai kulikuwa na joto zuri. Mwanga uliopenya ulikuwa wa kijani, mvua iligonga juu polepole, na injini ilinguruma kama boti iliyo mbali.

"Baba, tuko ndani ya ziwa," Evelina akasema.

Obedi akatabasamu. Naye aliona hivyo hivyo. Aliona samaki wakipita, na gari lake likiogelea bila kugusa chochote, na watu wa Bujora wakiwa wamesimama ufukweni kulingoja. Mtoto akasema kichwa kinamuuma, anataka kulala. Baba akamwambia alale, ataamshwa bibi harusi akija. Sauti yake mwenyewe aliisikia ikitoka mbali. Hakujua kwamba bomba lilikuwa limekatika shingoni, karibu na injini, kwa kunyimwa nafasi ya kucheza, na kwamba moshi ulikuwa unapanda chini ya kiti kile cheupe, taratibu, bila kelele.

Wilhelmina alifika hapo akiwa amelowa mpaka mifupa. Alisikia injini chini ya turubai akaita. Akaita tena. Alipoinua pembe moja, moshi ulimpiga usoni. Alilitupa beseni, sato wakatawanyika barabarani. Akapenyeza mkono, akaushika mkanda wa mpira kiunoni mwa mwanawe akauvuta. Ule mpira ulirefuka, ukarefuka, lakini haukukatika, na Evelina akatoka nao. Mama akamlaza kwenye mvua. Kisha akamvuta mumewe kwa ukosi wa shati, naye Obedi akaanguka matopeni kama gunia, akaanza kutapika. Mtoto alikuwa kimya.

Lori la pamba liliwachukua mpaka hospitali ya mjini. Evelina aliwekewa hewa ya mtungi, na nesi mmoja, Bernadeta, hakuondoka kitandani pake. Obedi alikaa sakafuni, miguu imejaa tope lililokauka. Hakuthubutu kumwangalia mkewe. Mchana wa siku ya pili mtoto akafumbua macho, akayazungusha, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, samaki wameenda wapi?"

Hapo ndipo Obedi alipolia.

Bibi harusi, nilisahau kusema, alifikishwa kanisani kwa pikapu ya magunia, na waliomwona wanasema alicheka njia nzima.

Obedi alivifungua vile vishikio kimoja kimoja. Alivinyoosha kwa nyundo, akaviunganisha, akairudisha keria juu ya baiskeli. Haing'ai tena, makovu ya kuchomelea yanaonekana kila kiungo. Bomba alilifunga upya kwa vipande vya tairi. Wilhelmina akaja, akainama, akalitikisa kwa mkono, likacheza na kurudi mahali pake. "Sasa limekaa," akasema. Obedi akamwomba awe anampeleka Kisesa na samaki wake, hata kila siku. Mkewe akasema gari litawabeba siku Evelina atakapotaka mwenyewe.

Evelina bado hajataka. Gari liko pale chini ya jiwe, na kuku wamerudi. Wanalala kwenye kile kitambaa cheupe. Asubuhi Obedi huweka bakuli chini, akashika sanduku, na Evelina akashika ncha ya mpira, amebana midomo, mpaka mama amalize kukaza.

FUNZO

Ndugu zangu, kuota si kosa. Nyakati hizi zimetuletea picha nyingi nzuri, na ningehuzunika kuona Mwanza ambayo hakuna anayetamani kutengeneza kitu kizuri kwa mikono yake. Lakini usivunje kinachoibeba nyumba yako ili upambe kinachoonwa na wapita njia. Anayekushauri kutokana na kazi ya mikono yake msikilize, hata kama ni mkeo na kazi yake ni sato. Tena usikae ndani ya gari lililofunikwa huku injini inanguruma, kwa sababu moshi haubishi hodi. Nyumba nayo inatikisika kila siku kwa shida na kwa furaha. Tuishike kwa namna inayomwachia kila mmoja nafasi ya kucheza na kurudi mahali pake, ndipo tutafika wote.